Muulize Fundi wa Herufi: Ile Nene Iliyolala Kidogo

Salaam aleikum wasomaji. Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja na picha, na picha karibu zote ni za herufi ya aina moja, ile nene, imeinamia kulia, ina vijiguu kwenye ncha zake. Mmoja wenu kaiita "herufi inayotembea" na nimelipenda sana jina hilo. Vijana wa kompyuta wanasema boldi italiki ya serifu (serifu ndio hivyo vijiguu), vitabu vya shule vinasema herufi koza za mlazo, hapa nitachanganya tu bora tuelewane. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni mama wa Langoni hapa Lamu, napika achari ya maembe na ya ndimu nauza kwa chupa. Nilikuwa Shela nikaona chupa ya jemu jina lake limeandikwa kwa herufi nene imelala, inavutia mpaka nikaishika chupa na sikuwa na haja ya jemu. Ni herufi gani hiyo, na naweza kuiweka kwenye stika yangu? Mjomba wangu anasema herufi ya kulala ni ya kadi za harusi tu.

Dada yangu, mjomba mpe salamu zangu nyingi lakini kwenye hili simuungi mkono. Anazozisema yeye ni zile nyembamba zenye mikia mirefu, na hizo kweli ukiziweka kwenye chupa zinapotea kabisa. Hii uliyoiona wewe ni nyingine. Ina unene, ina mlazo, ina vijiguu, na kila kimoja kilizaliwa mahali pake na wakati wake.

Mlazo ulianza kama mwandiko. Kule Italia mji wa Venice kulikuwa na mchapishaji anaitwa Aldus Manutius na fundi wake wa kuchonga herufi, Francesco Griffo, na mwaka 1501 wakatoa kitabu cha mashairi ya Virgil kizima kwa herufi za mlazo, kitabu kidogo cha kushika kwa mkono mmoja, na herufi zenyewe zimefuata mwandiko wa haraka wa wasomi na makarani wa kule, kalamu haiinuliwi sana, mkono unakimbia, herufi zinainamia huko huko mkono unakoenda. Tena zile kubwa walikuwa bado wanaziacha zimesimama wima, zilizolala ni ndogo peke yake. Kwa hiyo mwanzo mlazo haukuwa wa kutilia neno mkazo kama tunavyoutumia leo, yalikuwa ni maandishi kamili, unasoma kitabu mwanzo mpaka mwisho kimelala hivyo hivyo.

Unene ukaja nyuma sana, yaani miaka kama mia tatu baadaye. London mwanzoni mwa karne ya 19 matangazo yanabandikwa ukutani, ya bahati nasibu, ya biashara, kila mtu anataka lake lionekane kabla ya la jirani, basi mafundi wakaanza kuzinenepesha herufi mpaka zikawa kama matikiti, na za mlazo nazo wakazinenepesha. Halafu 1845 Robert Besley wa Fann Street Foundry, huko huko London, akasajili herufi inaitwa Clarendon, hiyo ni nene ya kiasi, ya kukaa ukurasa mmoja na maandishi ya kawaida, kama kwenye kamusi unavyoona neno limekolezwa na maana yake imebaki nyembamba.

Sasa shika hapa manake ndio roho ya jambo. Herufi nene ya mlazo hakuna karani aliyewahi kuiandika kwa mwandiko wake wa kila siku, mkono unaokimbia hauwezi kumwaga wino mzito vile. Ni herufi ya kubuniwa. Fundi anachukua kitu chepesi cha kukimbia, anakitwika mzigo, na bado anataka kikimbie. Mtazame hamali pale gatini akiteremka na gunia la unga, hatembei kama mtu aliyetoka kupunga upepo, anainama mbele kidogo, hatua zake fupi na za haraka, ule mzigo wenyewe unamsukuma. Herufi nzuri ya aina hii iko vile. Ile mbaya ni gunia peke yake limeegemea ukuta.

Na chakula inakifaa sana, kwa sababu ina shibe na ina furaha kwa wakati mmoja. Mfano ni Cooper Black, iliyotoka Marekani mwaka 1922, mchoraji wake Oswald Cooper wa Chicago, vijiguu vyake ni vya mviringo kama unga uliokandwa ukaumuka, na ina ndugu yake wa mlazo. Ukiona jina la chakula limeandikwa nene, laini, limeinama, mara nyingi ni hiyo au mtoto wake.

Kwenye stika yako andika neno moja tu kwa herufi hii, "Achari", kubwa, lichukue karibu upana wote wa stika. "Ya maembe" iende chini kwa herufi ya kusimama wima, ndogo, nyepesi. Viungo, uzito, namba ya simu, vyote wima. Halafu litazame lile neno lako kwa karibu uone raha yake. A kubwa mguu wake wa kulia ni mnene na wa kushoto ni uzi. c ina kitone cha duara kwenye ncha ya juu, kama tone la asali linataka kudondoka. a ndogo ni ya duara moja kama unavyoiandika daftarini, si ile yenye kofia ya vitabuni. Na i ya mwisho inamalizia kwa kindoano kinachopanda juu. Hapa Kiswahili kimebarikiwa bana, maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na kwenye mlazo a, i, u na e zote zinatoka na kile kindoano, kwa hiyo neno la Kiswahili linajifunga vizuri lenyewe kama mtu kalimaliza kwa mkono. Kiingereza neno likiishia p au s au g halijifungi hivyo.

Mambo fundi, mimi ni wa Malindi, nadizaini flaya kwa simu na laptopu. Nilichukua fonti yenye serifu nikabonyeza B halafu I, mteja akasema imekaa vibaya ila hawezi kueleza vibaya vipi. Na mimi naona kweli kuna kitu lakini sijui ni nini. Nisaidie.

Mteja wako ana jicho, usimkasirikie.

Iko hivi. Fonti iliyotengenezwa kwa ukamilifu inakuja na mafaili manne, la kawaida, la mlazo, la nene, na la nene ya mlazo, na lile la nne limechorwa upya herufi moja moja kuanzia A. Sasa kama wewe umepakua faili moja tu la kawaida ukabonyeza B na I, programu haina cha kukupa, inabuni. Inazipaka herufi unene pembeni pande zote sawasawa, halafu inazisukuma kutoka juu ziiname. Basi. Ndio unaona ile hali ya mtu aliyevaa koti la mtu mwingine.

Ukitaka kuhakikisha andika neno "fanaka" uikuze mpaka ijae skrini. Tazama a. Kama bado ina kofia, ile a ya gazetini ya ghorofa mbili, na imeinama tu, shuku, manake kwenye italiki nyingi za kweli a inageuka ya duara moja. Tazama f, kwenye nyingi za kweli inateremka chini ya mstari na kuota mkia, ya kughushi inabaki na kiguu chake bapa pale pale kwenye mstari, ila shingo imepinda. Tazama k, mara nyingi kwenye ya kweli mkono wake unalainika. Tazama upana, italiki ya kweli mara nyingi ni nyembamba kidogo kuliko ya wima, kwa sababu mkono unaokimbia unabana. Na vijiguu, kwenye ya wima ni vibao vimelala chini kushoto na kulia, kwenye ya mlazo vimekuwa vindoano vya kuingilia na kutokea, kama nyayo za mtu anayekimbia anakanyaga kwa vidole. Ukisukuma ya wima kwa nguvu vile vibao vinabaki vibao, ndio mteja wako anahisi kitu hakiendi.

Kuna jingine la ndani zaidi ambalo ukilijua utakuwa fundi kweli. Herufi ikinenepa ule unene unakula nafasi ya ndani, tundu la e, tumbo la a, ule mlango wa n na wa h. Mchoraji mzuri anaipanua herufi kidogo ili ipumue, na pale ambapo upinde wa n unatoka kwenye nguzo anachonga kwa kina, kabari kali inayoingia ndani, maana kwenye mlazo ule upinde unachipuka kutoka chini karibu na mguu na bila hivyo pangeziba pote pakawa doa. Kompyuta ikinenepesha yenyewe haijui hata moja katika hayo.

Mimi hili nimelilipia. Miaka ya mwanzo nilifanya kadi za mwaliko 300, jina la bibi harusi na la bwana harusi nimeyatia nene ya mlazo ya kubuniwa na kompyuta, na chini yake mahali na saa nikatia herufi hiyo hiyo kwa ukubwa wa pointi 8, ndogo kabisa. Kwenye skrini safi kabisa. Kadi zikarudi kutoka kwa mpiga chapa, karatasi ni ile ya kunywa wino, kila a na kila e imejaa, "saa nane mchana" imekuwa mstari wa shanga nyeusi. Mama wa bibi harusi aliishika kadi akaiweka mbali, akaiweka karibu, akanirudishia bila neno. Nilizichapa upya zote kwa pesa yangu. Tangu siku ile maneno madogo siyapi nene ya mlazo kabisa, hata ya kweli, na hata jina silipi chini ya pointi 14 kama karatasi si laini.

Za bure zenye nene ya mlazo ya kweli zipo na ni nzuri. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, imetoka 2011, ina nene na nene zaidi, zote na mlazo wake, ile nene zaidi ya mlazo ukiiweka kubwa kwenye kichwa cha flaya inasimamisha mtu, lakini ina nyuzi nyembamba sana kwa hiyo isiwe ndogo. Merriweather ya Eben Sorkin ilichorwa kwa kusomwa kwenye skrini, imara zaidi, haina madaha mengi. Lora iko katikati, ina mguso wa brashi. Na kwenye kompyuta nyingi utakuta tayari Georgia, aliichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft ikatoka 1996, nene ya mlazo yake mimi naipenda kuliko zote kwenye skrini za simu za bei nafuu, haivunjiki. Pakua mafaili yote manne, usipakue moja. Ukishaingiza yote ndio ile B na I unazobonyeza zitakuletea ya kweli.

Fundi, nina mashua ya kubeba abiria, inaitwa Safina. Nataka jina nipake upya ubavuni pande mbili, kijana wangu anataka ile nene ya kulala kwa sababu anasema inaonyesha mwendo. Wazee wanataka ya kusimama. Nani yuko sawa? Nahodha, Lamu.

Nahodha, nimefurahi sana na swali lako, na jawabu ni kwamba wote wako sawa, kila mmoja kwa ubavu wake.

Ngoja nieleze. Herufi zetu hizi za Kirumi zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia na mlazo kwa kawaida unainamia kulia. Simama nje uutazame ubavu wa kulia wa mashua. Omo, yaani mbele ya chombo, iko mkono wako wa kulia, tezi, yaani nyuma yake, iko kushoto. "Safina" inaanzia tezi inakwenda omo, na herufi zimeinamia mbele, kule chombo kinakoenda. Hapo kijana wako kashinda, inapendeza kwelikweli, chombo na jina vinavuta pamoja. Sasa zunguka uende ubavu wa kushoto. Omo iko kushoto kwako, jina linaanzia omo linarudi tezi, na herufi zinainamia nyuma. Mashua inakwenda mbele, jina linaegemea nyuma kama mtu anayekataa kwenda. Hapo wazee wameshinda.

Wengine ubavu wa kushoto wanazilaza herufi kinyume, ziinamie kushoto, nimeona kwenye magari pia. Mimi siwashauri. Jicho halijazoea, na mlazo wa kinyume ni nadra kwenye mwandiko, inabidi uchore herufi zote upya na ukikosea kidogo jina zima linaanguka. Ninachokushauri ni mlazo mdogo. Za vitabuni nyingi zinalala kama digrii 10 mpaka 15, wewe mwambie mchoraji alaze kama digrii 6 au 7 tu pande zote mbili. Ubavu wa kulia bado utaona mwendo, ubavu wa kushoto haitaonekana kurudi nyuma, na unene wake utabeba kazi iliyobaki.

Halafu chagua nene ya namna gani, hili ni kubwa kuliko mlazo. Kuna zile za nasaba ya Bodoni, Giambattista Bodoni wa Parma aliyefariki 1813, nguzo nene na kando yake uzi mwembamba kama unywele, na Wamarekani mwaka 1928 wakazinenepesha zaidi wakaita Ultra Bodoni. Kwenye jarida linalong'aa hakuna kinachozishinda. Ubavuni mwa mashua usithubutu. Chumvi na jua la huku vinaanza na ule uzi, rangi nyembamba ndiyo inayobanduka kwanza, mwaka hauishi unabaki na nguzo zinaelea bila kushikana, mtu wa mbali hasomi n wala u. Chukua za nasaba ya Clarendon, ambazo hata sehemu yake nyembamba ina nyama, na vijiguu vyake ni vinene vya kushikana na nguzo kwa mkunjo. Mchoraji asafishe mbao, apige mistari miwili ya kamba ya chaki kwa urefu, halafu mistari ya mlazo kila upana wa kiganja, yote sambamba, aipime kwa kibao kimoja alichokikata kwa pembe ile ile asikisie kwa jicho, kwa sababu ubavu wa chombo una mbinuko na jicho litamdanganya kila akisogea.

Na kwenye jina lako aangalie f na i. f ya mlazo ina shingo ndefu inayoelea juu ya jirani yake, zamani za herufi za risasi ile shingo ilikuwa inatokeza nje ya kipande chake na ilikuwa rahisi kuvunjika, na kwenye "Safina" itaigonga nukta ya i. Aiunganishe, ncha ya f iwe ndio nukta yenyewe, au aifupishe shingo. Asiiache igusane nusu nusu.

Nina duka la kofia na kanzu Mkomani, kichochoro chembamba. Kibao changu kimeandikwa herufi nene ya mlazo, ghali, nzuri, lakini watu wanapita hawakioni. Kosa ni la herufi?

Kosa si la herufi yakhe, ni la ukuta. Picha uliyotuma umeipiga umesimama mbele ya kibao, mgongo umegusa nyumba ya pili. Hakuna mpita njia anayekitazama hivyo. Anakuja kutoka pembeni, labda kuna punda mbele yake, na kibao anakiona kwa ubavu. Herufi ikitazamwa kwa ubavu inabanwa upana, urefu unabaki ule ule lakini upana umekwisha, kwa hiyo herufi zinaonekana zimesongamana na matundu yake yameziba. Herufi nene inaumia hapo kuliko nyembamba.

Kitoe ukutani ukitundike kwa chuma kitokeze kichochoroni, juu ya kichwa cha mtu na juu ya mzigo wa punda, maandishi pande mbili. Herufi ile ile, usibadilishe. Ongeza nafasi kidogo tu kati ya herufi na herufi.

Mwalimu hapa. Natayarisha kijitabu cha tenzi kwa wanafunzi, nimeziweka beti zote nene za mlazo ili zitofautiane na maelezo yangu. Mwenzangu anasema yanachosha macho. Ni kweli?

Ni kweli mwalimu. Beti zikae mlazo wa kawaida, au wima tu ukiziingiza ndani kidogo kutoka ukingoni, umbo la ubeti peke yake linatosha kumwambia mwanafunzi hapa ni shairi. Nene ya mlazo kwenye kitabu ina kazi moja ya halali ambayo hakuna kingine kinachoiweza: una kichwa cha habari kimekolezwa, na ndani yake kuna jina la utenzi ambalo kwa desturi lingelala, basi lile jina lilale ndani ya unene. Maneno matatu manne. Ukurasa mzima wa nene ya mlazo ni kama ngoma ambayo wapigaji wote wanapiga kwa nguvu zao zote, mwishowe husikii mdundo.

Na kama utenzi una ng', kama ng'ombe au ng'ara, hakikisha kile kibainishi, ile alama ya juu baada ya g, ni cha mviringo kilichoinama pamoja na herufi. Kompyuta nyingi zinaweka kile kilichonyooka kama msumari, na katikati ya maneno yaliyolala msumari uliosimama unachoma jicho kila mstari.

Fundi, ndugu yangu anaoa, nimepewa kazi ya kadi. Juu kuna Bismillahi kwa khati ya Kiarabu, chini majina kwa Kiswahili. Nataka majina yawe nene ya mlazo na mtu wa kompyuta anasema basi na Bismillahi ailaze ifanane. Ni sawa?

La, mwambie asiiguse. Khati ya Kiarabu inatoka kulia kwenda kushoto na ina taratibu zake za mizani, mwandishi wa thuluthi, mmoja wa mitindo ya khati, anapima kila herufi kwa nukta za kalamu yake ya mwanzi, ule unene na wembamba unaouona umetoka kwenye ncha iliyokatwa kwa mshazari. Desturi ya kuilaza ili kutilia mkazo haikuwa yao, wao wakitaka jambo lionekane waliliandika kubwa au kwa wino mwingine. Ukiichukua Bismillahi ukaisukuma kwa kompyuta iinamie kulia umeinamisha kinyume na inakoelekea, na alifu na lamu zake ambazo mwandishi amezisimamisha kwa hesabu umezivunja zote. Hiyo ni kazi ya mkono wa mtu na ni jina la Mungu, iache kama ilivyotoka.

Sasa kufanana unakokutaka kutapatikana kwingine. Tazama Bismillahi yako, pima kwa jicho pale ilipo nene kabisa na pale ilipo nyembamba kabisa. Kama ni thuluthi utaona tofauti ni kubwa na inabadilika taratibu, inanenepa na kukonda kama wimbi, haikatiki ghafla. Basi na majina yatafutie nene ya mlazo ya tabia hiyo, unene wake uingie na kutoka pole pole, si ile ya nguzo na uzi. EB Garamond nene ya mlazo itakaa vizuri hapo, imefuata herufi za Wafaransa wa karne ya 16, wakati ambao mlazo ulikuwa bado unakumbuka kalamu. Kalamu na kalamu zitaelewana hata kama moja inakwenda huku na nyingine kule. Majina mawili tu yawe nene ya mlazo, na "na" iliyo katikati yao iwe ndogo, nyepesi. Baba fulani na mama fulani wanayo furaha kukualika, hiyo yote wima. Na kati ya Bismillahi na majina acha nafasi tupu, kubwa kuliko unavyodhani, angalau urefu wa Bismillahi yenyewe.

Usichape zote kwanza. Chapa kadi moja, kwenye karatasi ile ile utakayotumia, si kwenye karatasi ya ofisi. Ichukue barazani baada ya maghribi, mwanga umepungua, mpe mzee yeyote aliyekaa pale bila miwani na usimwambie kitu. Akisoma jina la bibi harusi kabla hujavuta pumzi ya pili, rudi kachape zilizobaki. Akiuliza "hii ni nini hapa," nitumie picha kesho yake tuitazame pamoja.